Lugha ya Mamilioni Isiyo na Ofisi

Lalago ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, kwenye barabara itokayo Kolandoto, jirani na Shinyanga, kwenda Mwanhuzi wilayani Meatu. Kaskazini yake ndiko Maswa mjini, na mbele zaidi Bariadi, makao makuu ya mkoa tangu Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Mtu wa takwimu ataona hapa mji wa pamba, choroko na ng'ombe. Mtu wa lugha ataona zaidi ya hapo, kwa sababu barabara za Lalago zinaunganisha Wasukuma wanaosema Kikiya, yaani wa upande wa Shinyanga na Kishapu, na Wasukuma wa Ntuzu, yaani wa Bariadi. Wanaelewana bila mkalimani. Hata hivyo mzee wa Bariadi akifungua kinywa, mzee wa Kishapu amekwisha kujua katokea wapi kabla salamu haijaisha.

Kisukuma ndicho lugha ya jamii yenye wasemaji wengi kuliko zote Tanzania. Makadirio ya Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, yanawaweka juu ya milioni tano, na tangu hapo watu wa Kanda ya Ziwa hawajapungua. Kwa idadi hiyo kinazipita lugha kadhaa za Ulaya zenye wizara, kamusi nene na viti katika Umoja wa Ulaya. Lakini hakuna karani wa serikali anayelazimika kukijua, hakuna mtihani unaotungwa kwacho, na hakuna sheria iliyochapishwa kwacho. Hapo ndipo swali la uchambuzi huu linapoanzia: hadhi ya lugha hutoka wapi, na inapohama huwa inakwenda wapi? Nitaegemea mfano mmoja wa mbali, Kiskoti cha Uskoti, ambacho kimepanda na kushuka ngazi zote hizo, halafu nitarudi nyumbani, ambako kisa chetu kina ukaidi wake.

Tuanze na lahaja, maana ndiko wengi hukosea. Wasomi wengi huhesabu nne, na majina yake yanafuata pande za dunia: sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Kimunasukuma ni cha Mwanza, Kwimba na Magu. Kimunang'weli kinaelekea Geita. Kimunadakama kinashuka Kahama na kugusana na Unyamwezi. Na cha mashariki wenyewe hukiita Jinakiya. Wengine huongeza cha tano, Ginantuzu cha Bariadi. Mtazame jinsi majina hayo yanavyoanza: Ki-, Ji-, Gi-. Ni kiambishi kilekile ambacho katika Kiswahili kinatupa “Kiswahili”, ila kila upande umekifinyanga kivyake. Anayeuliza tofauti ya lahaja iko wapi hana haja ya kusafiri. Jibu limebandikwa kwenye majina.

Je, Ginantuzu ni lahaja kamili au ni tawi la Jinakiya? Wanaisimu wanaweza kulijadili hilo kwa orodha za maneno na mikondo ya sauti, na watafika mahali pa kukubaliana. Wantuzu hawasubiri. Wanajiita Wantuzu, wana majivuno yao, na katika maongezi ya kawaida Mntuzu anaweza kumwita mtu wa Mwanza Msukuma kana kwamba yeye ni kitu kingine. Hili si jambo la ajabu kwa lugha ambayo jina lake ni upande wa dira. Kwa mtu wa Tabora, Msukuma ni yeyote aliye kaskazini kwake. Kwa mtu wa Magu, walioko kusini ni Badakama, hata kama wao wenyewe wanajiita Wasukuma. Kabla ya ukoloni jina hilo lilikuwa mwelekeo tu, na mwelekeo hutegemea umesimama wapi.

Ndiyo maana mpaka kati ya Kisukuma na Kinyamwezi ni mgumu kuuchora. Malcolm Guthrie alipoziainisha lugha za Kibantu katikati ya karne iliyopita, aliziweka jirani kabisa, F21 na F22, na mtu wa Kahama anaweza kutembea kutoka namba moja hadi nyingine bila kubadili lugha yake. Kilichozitenga zaidi ni biashara na utawala. Wafanyabiashara wa pwani waliwazoea wapagazi wa Unyamwezi tangu karne ya 19, jina likashika. Baadaye Waingereza waliiweka Mwanza chini ya Jimbo la Ziwa na Tabora chini ya Jimbo la Magharibi, na mwaka 1946 wakaunda Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya, likikusanya makumi ya himaya za watemi. Ushirika wa pamba wa miaka ya 1950, ulioongozwa na Paul Bomani, ukaongeza uzi mwingine. Msukuma wa leo, kama kabila lenye jina moja na lugha moja, ni mtoto wa ofisi na mizani ya pamba kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyopenda kukiri.

Sasa Uskoti. Nchi hiyo ina Kigaeli, ambacho ni lugha ya Kikelti, na ina Kiskoti, ndugu wa damu wa Kiingereza. Vyote viwili, Kiskoti na Kiingereza, vilitoka katika Kiingereza cha kale. Kiskoti ni cha tawi la Northumbria lililovuka kuingia kusini mwa Uskoti ya leo, kisha likakua chini ya wafalme wake. Mwaka 1375 John Barbour alitunga utenzi mrefu kuhusu mfalme Robert Bruce. Karne ya 15 na mwanzo wa ya 16 Kiskoti kilikuwa lugha ya ikulu ya Edinburgh, ya bunge na ya mahakama. Mwaka 1513 Gavin Douglas alimaliza kumtafsiri Virgil kwacho. Kwa kipimo chochote hiyo ilikuwa lugha ya dola.

Ilivyoanguka ndiyo inayofundisha. Hakuna aliyeipiga marufuku. Mwaka 1560 Uskoti iligeukia Uprotestanti, na Biblia iliyoingia makanisani ilikuwa ya Kiingereza. Mwaka 1603 mfalme James wa Sita alirithi pia kiti cha Uingereza, akahamia London pamoja na wale wote waliokuwa wakiandika ili wapendeze machoni pake. Mwaka 1707 bunge nalo likaunganishwa na la London. Katika karne ya 18 wasomi wa Edinburgh walikuwa wakikusanya orodha za misemo ya Kiskoti ili wajue ipi ya kuepuka wasije wakachekwa. Mwaka 1786 Robert Burns alitoa diwani yake ya kwanza, ikapendwa mno, na hapo ndipo hali ikakaa kwa miaka mingi: Kiskoti kwa wimbo na utani, Kiingereza kwa barua na hukumu. Lahaja ziliendelea kuwepo, Doric ya kaskazini mashariki, ile ya visiwa vya Shetland na Orkney, ya katikati kuelekea Glasgow, ya mpakani kusini, lakini hakukuwa tena na kitovu cha kuziambia zipi ni za kuandikia. Lugha iliyonyang'anywa mji mkuu hugeuka kuwa jumla ya lahaja zake.

Kisukuma hakikuwahi kunyang'anywa mji mkuu, kwa sababu hakikuwa nao. Hii ndiyo tofauti ya kwanza, na ni kubwa. Usukuma ilikuwa nchi ya watemi wengi. Hakukuwa na kitovu kimoja ambacho usemi wake ungeigwa na wengine. Linganisha na majirani wa ng'ambo ya ziwa. Waganda walikuwa na Kabaka, na Luganda ikapata matbaa mapema. Aliyehusika sana na hilo alikuwa Mskoti: Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa Church Missionary Society (CMS), aliyezaliwa mwaka 1849 Rhynie, huko Aberdeenshire, kwenye nchi ya lahaja ya Doric. Mwaka 1887 alilazimika kuondoka Uganda, akaweka kambi Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, na hapo akaendelea kutafsiri na kuchapa kwa Luganda mpaka alipokufa Februari 1890. Ndipo tunapata picha hii: mtu ambaye lugha ya kijijini kwake haikuwa na Biblia yake, ameketi kusini mwa ziwa, anachapa sehemu za Biblia ya watu wa kaskazini mwa ziwa. Sababu si upendeleo tu. Luganda ilikuwa na wasomaji waliokusanyika mahali pamoja, wenye mfalme, na wenye hamu ya kujua ikulu inasema nini.

Maandishi ya Kisukuma yalikuja taratibu, na yalikuja kwa njia ya makanisa. Mapadre Weupe walikuwa Bukumbi tangu 1883. Wamisionari wa Africa Inland Mission walitanda baadaye upande wa mashariki na kujenga hospitali Kolandoto. Biblia nzima ya Kisukuma ilipatikana mwaka 1960, wakati uhuru uko mlangoni. Baadaye Donald Sybertz, padre wa Maryknoll, aliongoza kazi ya kukusanya methali na simulizi akiwa na kikundi cha watafiti wa parokia ya Ndoleleji, na pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, padre David Clement alijenga makumbusho ambako vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu bado hushindana kucheza ngoma. Ni kazi nzuri. Lakini lugha inayoandikwa na makanisa tofauti huandikwa pia kwa tahajia tofauti, na hapa tunafika kwenye jambo ambalo mashabiki wa Kisukuma hulipuuza kwa sababu halina mvuto.

Kisukuma kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Mtu aliyesomea Kiswahili akiandika Kisukuma huzibana saba ziingie kwenye herufi tano, na maneno mawili tofauti yanatoka yakiwa sura moja. Kuna tofauti ya irabu fupi na ndefu. Kuna toni pia, na toni zenyewe zina tabia ya kuwasumbua hata wataalamu: sauti ya juu inayotokana na silabi moja husikika silabi zilizo mbele yake. Irvine Richardson aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1959, na Herman Batibo, Mtanzania aliyekuja kuwa profesa Dar es Salaam na Botswana, alichambua sauti na maumbo ya Kisukuma katika kitabu chake cha mwaka 1985 kilichotoka kwa Kifaransa. Halafu kuna sauti za puani zenye pumzi, zile zinazoandikwa mh na nh. Msomaji asiye wa huku akiona Mhunze au Mwanhuzi kwenye kibao cha barabarani huiruka h kama kosa la mchoraji. Na hiyo Mwa- ya mwanzo, wenyeji wengi wanaitamka Ng'wa-. Vijiji vya Maswa na Meatu vimejaa majina ya aina hiyo, na ramani imeyaandika yote kwa sikio la karani wa Kiswahili.

Hebu nitoe maoni yangu hapa. Kama kuna anayetaka kukiinua Kisukuma leo, asianze na tamko. Aanze na tahajia moja ambayo Mkatoliki wa Ndoleleji, Mwinjilisti wa Kolandoto na kijana anayeandika maneno ya wimbo kwenye simu watakubali kuitumia. Kenya ilikwisha jaribu jambo gumu zaidi: katika miaka ya 1940 kamati ya lugha ya Kiluhya ilitaka kuziunganisha lahaja nyingi ziwe na maandishi ya aina moja, na Wamaragoli, mojawapo ya jamii hizo za Waluhya, hawakukubali kumezwa. Kisukuma kina nafuu, kwa sababu lahaja zake zinaelewana kwa urahisi. Kinachokosekana ni wa kuitisha kikao.

Wa kuitisha hakupatikana kwa sababu Tanganyika ilikuwa na mradi mwingine, na mradi huo ulifanikiwa. Wajerumani walitawala kwa Kiswahili. Waingereza walikiweka katika shule za msingi, wakaunda kamati ya lugha mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. TANU, chama cha uhuru, ilifanya siasa zake kwa Kiswahili. Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa machifu, na hivyo lugha za jamii zikapoteza baraza la mwisho la kiserikali zilizokuwa nalo, lile la mtemi. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, Baraza la Kiswahili, BAKITA, likaundwa, na mwaka huohuo ukawa wa mwisho kwa sensa kuuliza kabila. Tangu hapo hesabu zote za Wasukuma, ikiwemo ile niliyoitaja mwanzoni, ni makadirio. Uskoti imekwenda kinyume: sensa ya 2011 iliuliza kwa mara ya kwanza juu ya Kiskoti, na watu wapatao milioni 1.5 wakasema wanakizungumza. Takwimu hiyo ndiyo iliyobebwa mpaka bungeni. Lugha isiyohesabiwa haina cha kubeba.

Sitaki kuonekana kama naushitaki uamuzi wa 1967. Nchi yenye lugha zaidi ya mia ilihitaji moja ya kuunganisha, na bahati yake ni kwamba iliyopatikana haikuwa ya kabila kubwa. Fikiria kama ingekuwa Kisukuma! Hofu ya ukabila haikuwa ya kubuni, na Kenya imetupa mfano mchungu: baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mtangazaji wa Kass FM, redio ya Kikalenjin, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, kesi yake ikaja kusitishwa mwaka 2016 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Kanuni za utangazaji za Tanzania zinazotaka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza zimetokana na hofu ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba hofu iliyokuwa na sababu hugeuka mazoea, na mazoea hayaulizwi tena. Hakuna anayeeleza kwa nini ushauri wa dawa ya pamba au ratiba ya chanjo ya ng'ombe, ukisomwa redioni kwa Kisukuma, utaivunja Tanzania.

Na tukiangalia kwa makini, marufuku hiyo imekwisha pitwa. Kijana wa Maswa akitaka kusikia Kisukuma hahitaji redio. Anafungua YouTube, anamkuta Bhudagala na waimbaji wengine wa kizazi chake, wenye watazamaji wengi na video zilizopigwa kwa ustadi. Nyimbo ndizo fasihi ya Kisukuma, na zimekuwa hivyo muda mrefu. Frank Gunderson alikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa cha mwaka 2010. Kabla yake Elias Songoyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alimchambua mwimbaji Kalikali pamoja na Mwinamila wa Unyamwezi, akitazama msanii anasimamaje mbele ya dola. Riwaya, kwa upande mwingine, haina nafasi. Jirani yetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Kila Msukuma mwenye kalamu anajua kisa hicho, au anakitenda bila kukijua: anaandika kwa Kiswahili moja kwa moja.

Mohamed Abdulaziz, mwanaisimu wa Mombasa, aliieleza hali hii mwaka 1972 kwa kuonyesha ngazi tatu: lugha ya nyumbani chini, Kiswahili katikati, Kiingereza juu. Miaka hamsini baadaye ngazi zipo, ila ya katikati imepanuka. Kiswahili kimeingia kwenye Umoja wa Afrika na SADC, kimepewa siku yake na UNESCO, na watetezi wake wanalalamika, kwa haki, kwamba sekondari za Tanzania bado zinafundisha kwa Kiingereza. Malalamiko yao ni yaleyale ya Msukuma, ngazi moja juu. Sijaona wengi wao wakigeuka kutazama walioko chini yao.

Hasara inayoonekana kwa macho iko darasa la kwanza. Watoto wengi wa vijiji vya Simiyu huanza shule wakiwa na Kiswahili kidogo mno, na mwalimu aliyepangwa kutoka Mbeya au Tanga hana Kisukuma hata cha salamu. Mtoto hukaa kimya, mwalimu humwona mzito. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kuifikia Simiyu katika muongo uliopita, ulilitambua hilo, ukaanzisha madarasa ya utayari yenye hadithi na michezo ya kuwazoesha watoto Kiswahili kabla ya shule. Ulisaidia, lakini utaona ulikoelekea: mtoto ndiye aliyeandaliwa kuikuta lugha ya shule. Wazo la mwalimu kujifunza kidogo lugha ya mtoto halikuwa kwenye meza. Mpaka leo zipo shule ambako mwanafunzi akikamatwa akiongea “kilugha” anapewa adhabu, kama babu wa Kiskoti walivyochapwa kwa kuongea kama mama zao. Kenya mtaala wa karibuni unatambua lugha ya mtaa katika madarasa ya chini, na Sera ya Utamaduni ya Tanzania ya mwaka 1997 inazitaja lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na kuhimiza ziandikiwe kamusi. Hazina ipo kwenye sera, darasani haijafika.

Hapa ndipo kisa chetu kinapoachana na cha Uskoti. Kiskoti kilipungua kila mahali kwa pamoja: wasemaji, nyanja, heshima. Kisukuma kinaongezeka huku kikipungua. Tangu miaka ya 1970 wafugaji na wakulima wa Kisukuma wamehama na mifugo yao kusini: bonde la Rukwa, Usangu, Kilombero. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu, na wengi wakafika Lindi. Kila walikokwenda lugha imekwenda, na mahali pengine ndiyo inayosikika mnadani kuliko ya wenyeji. Batibo, aliyeandika kitabu kizima mwaka 2005 juu ya kufa kwa lugha za Afrika, alionya kwamba tishio la lugha ndogo si Kiingereza pekee. Lugha kubwa za jirani nazo humeza. Wilayani Meatu, si mbali na Lalago, wapo Wahadzabe, watu wapatao elfu moja wenye lugha isiyo na ndugu duniani. Kwao Kisukuma si mnyonge hata kidogo.

Kwa hiyo wasemaji wapo, ardhi ipo, tena inapanuka. Kilichopungua ni kazi. Maneno ya Kisukuma yanaajiriwa mojamoja, lugha yenyewe haiajiriwi. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliinua ngitili, malisho yaliyofungwa kwa ajili ya kiangazi, mpaka neno hilo likaingia kwenye ripoti za mashirika ya kimataifa. Wataalamu wa udongo wa enzi za Waingereza walichukua luseni, itogolo, ibushi na mbuga wakayapanga kwenye majedwali yao, maana wakulima walikuwa wameshaainisha udongo kabla yao. Kulwa na Doto wamezaliwa kila mkoa wa Tanzania, hata kwa wazazi wasiojua kwamba ni majina ya mapacha wa Kisukuma na Kinyamwezi. Siasa nayo inajua thamani ya mapambo hayo: John Magufuli alipenda kuwasalimia wananchi wa Kanda ya Ziwa kwa Kisukuma jukwaani, na Septemba 2021 machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kule Kisesa kwa jina la Hangaya. Siku ya pili ofisi zilifunguliwa kwa Kiswahili, kama kawaida. Burns angelitambua jambo hilo mara moja.

Je, sheria inasaidia? Uingereza ilikitambua Kiskoti mwaka 2001 chini ya mkataba wa Ulaya wa lugha za kimaeneo. Juni 2025 Bunge la Uskoti likapitisha sheria inayokipa Kiskoti na Kigaeli hadhi rasmi. Wapo wanaoshangilia na wapo wanaosema hadhi imekuja kwenye lugha ambayo tayari imekwisha kuchanganyika na Kiingereza hivi kwamba wasemaji wake wenyewe hawana uhakika wanaongea ipi. Wote wana hoja. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa ya makala za Kiskoti kwenye Wikipedia zilikuwa zimeandikwa na kijana wa Kimarekani asiyekijua. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona. Hilo linanitisha kuliko marufuku yoyote, maana linaweza kutokea kwa Kisukuma kesho: mashine na wageni wakiandika Kisukuma cha kubuni mtandaoni, huku wenye lugha wakiwa hawana kamusi ya kuwasahihishia wala mazoea ya kukisoma.

Ndiyo sababu naona Tanzania haihitaji kuanzia juu, kwenye katiba. Inahitaji mambo ya chini yanayoonekana madogo: kamusi inayotaja wazi neno hili ni la Kiya na hili la Ntuzu, kozi fupi ya Kisukuma kwa walimu na wauguzi wanaopangiwa Simiyu na Shinyanga, ruhusa ya vipindi vya kilimo na afya redioni. Hakuna hata moja linalohitaji kuhesabu makabila.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Uskoti inaweza kutuonyesha. Kuanzia 1609 Waskoti wengi walivuka bahari kwenda kulowea Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, wakaondoka na lugha yao. Mkataba wa amani wa Belfast wa mwaka 1998 uliitaja lugha hiyo kwa jina, na mwaka uliofuata wakapata wakala wao wa lugha, miaka kabla Kiskoti hakijapata sheria yoyote huko kwao. Wahamaji ndio waliotangulia kutambuliwa, kwa sababu walikuwa wameketi kati ya watu wengine na walilazimika kujieleza. Wasukuma wa Rukwa, Kilombero na Lindi wako katika nafasi hiyohiyo. Kijiji kimoja cha huko kinaweza kuwa na familia kutoka Kishapu, nyingine kutoka Bariadi, nyingine kutoka Kahama, na watoto wao wanacheza pamoja. Ji- na Gi- na Ki- zinakutana kwenye kisima kimoja, na mojawapo itashinda, au itazaliwa ya nne. Lahaja hiyo haina jina bado, wala haimo katika zile nne au tano zinazohesabiwa vitabuni.